Mlio wa Pedali ya Mkude

Usiku ule nililala na gitaa la besi tumboni kama mgonjwa aliyekandwa kwa chupa ya maji ya moto, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kutoa jibu asubuhi, na jibu sikuwa nalo.

Naandika haya mapema kabla hayajafutika. Mimi si mtu wa kuandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mke wangu husema nikishika kalamu nakunja uso kama nang'olewa jino. Lakini ndoto ni kama maziwa, usipoyachemsha mapema yanaganda. Basi nachemsha.

Kwanza nieleze jambo lenyewe, na nilieleze kwa haki, maana wote wanaohusika ni wenzangu.

Bendi yetu inaitwa Radi Kavu. Tunapiga roki, ile ngumu, ya magitaa yanayounguruma, katika mji wa Morogoro ambako kila mtu na mjomba wake anapiga dansi. Tangu ujana wetu watu walituita wapondakokoto. Tunafanya mazoezi kwenye stoo iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, kwa sababu pale kelele zetu zinamezwa na kelele za mashine, na wa kulalamika ni mahindi tu. Mpiga gitaa wetu wa kwanza aliokoka akaacha. Wa pili alikwenda Muscat, akaoa huko huko. Kisha akafa Mkude, mpiga dramu wetu tangu siku ya kwanza. Wa zamani tuliobaki ni mimi Maganga kwenye besi, na Tino anayeimba. Wapya ni Gabo wa gitaa, mtu mwenye adabu hata ukimuuliza kama ana njaa anakwambia yeye ni mgeni, na Rehema wa dramu, mama wa watoto wawili, aliyejifunzia kanisani na ana mkono mzito kuliko wa Mkude. Hilo nalisema na Mkude anisamehe, lakini ni kweli.

Sasa, pedali. Ngoma kubwa ya dramu hupigwa kwa mguu wa kulia. Unakanyaga pedali, na nyundo inagonga ngoma. Pedali ya Mkude ilikuwa inalia. Kabla nyundo haijagonga, bawaba inatoa kilio kirefu, nyiii, halafu ndiyo dum. Miaka yote tuliingia kwa mlio huo. Hakuna aliyehesabu, hakuna aliyemtazama mwenzake. Tunainamisha vichwa, tunasikia nyiii, wote tunaingia kama watu waliofunguliwa mlango. Hata mashabiki waliujua. Ukumbini kuna waliouiga kwa midomo kabla hatujaanza.

Rehema alipokuja alileta pedali yake, na pedali yake ni kimya kama paka. Tukashindwa kuanza wimbo. Tino anawahi, mimi nachelewa, Gabo anaomba radhi. Ni mimi, si mwingine, niliyetoa wazo la kwenda kwa mjane wa Mkude kuomba pedali ya marehemu. Nilisema ni heshima. Wote walikubali, na Rehema naye alikubali wakati ule, lazima niliandike hilo. Tukairekodi albamu karibu yote kwa pedali ile. Ndiyo albamu yetu ya kwanza bila Mkude. Umebaki wimbo mmoja, wa kufungulia, ambao Tino amemtungia yeye.

Jana pale studio Rehema akavua kiatu.

"Kaka Maganga, hebu tazama. Huu ni mguu au kiazi kikuu?"

Kwa kweli ulikuwa umevimba. Pedali ile ni nzito, na bawaba imekaza.

"Mkude aliikanyaga miaka yote, hakuvimba," Tino akasema.

"Mkude alikuwa na mguu wa Mkude."

"Bila mlio ule hii si Radi Kavu, dada yangu. Ni bendi ya harusi."

"Bendi ya harusi inakula pilau, kaka Tino. Sisi tunakula nini hapa?"

Tukacheka, hata Tino. Kisha Rehema akavaa kiatu chake polepole, akasema bila kupandisha sauti, "Nikisikiliza tulivyorekodi sijisikii. Namsikia marehemu, halafu nyuma yake kuna mtu amembebea viatu. Kesho nikikuta hilo lidude limefungwa kwenye ngoma, nachukua vijiti vyangu nakwenda nyumbani. Na sina ugomvi na mtu."

"Basi nenda leo," Tino akasema, lakini sauti ilimkatika. Ukimjua Tino unajua hasira yake haiko kwa Rehema. Yeye ndiye aliyemfumba Mkude macho.

Gabo akasema yeye ni mgeni.

Wote wakanigeukia mimi, na mimi nikasema nitajibu asubuhi, kama mwenyekiti wa kijiji.

Nilirudi nyumbani nikawaza, na kila nilipowaza upande mmoja niliona upande wa pili una haki zaidi. Tino hakosei. Mlio ule ni wetu, na ukiuondoa unamzika Mkude mara ya pili. Rehema naye hakosei. Mguu ni wake, na jina lake ndilo litakalokuwa kwenye jalada. Akiondoka, albamu imekufa, maana sidhani kama mimi na Tino tuna pumzi ya kuanza tena na mtu mwingine. Nikachukua besi, nikajilaza nayo, nikisubiri vidole viniambie. Vidole havikusema. Nikasinzia.

Ndotoni ulikuwa mchana. Niko mlangoni mwa stoo ya mazoezi, na mashine ya kusaga imezimwa. Kimya chake kilinitisha, kwa sababu mchana mashine ile haizimwi. Unga umetanda kila mahali, juu ya spika, juu ya nyaya, sakafuni kote, mweupe, haujakanyagwa. Nilijua bila kuambiwa kwamba nikikanyaga nitaacha alama, na mtu ataniuliza nilikuwa nakwenda wapi. Nikakanyaga.

Mkude amekaa kwenye kiti chake cha dramu, amenipa mgongo. Amevaa fulana yake ya kijani iliyotoboka begani. Mguu wa kulia hauna kiatu, kama alivyopiga siku zote. Natazama sakafu, na kwenye unga hakuna nyayo zake.

Nataka kumsalimu, lakini naogopa. Bibi yangu alitufundisha kwamba marehemu akikujia usitangulie kumsalimu, akikupa chakula usile, akikupa mkono usishike. Kwa hiyo nanyamaza. Yeye bila kugeuka ananyoosha mkono nyuma, kiganja kikitazama juu.

"Lete."

Sijui nilete nini. Nampa vijiti vya dramu, vidole havifungi, vinaanguka kwenye unga bila sauti. Natafuta mifukoni, nampa kanda ya zamani ya mazoezi, anaisukuma. Kisha naona nimeshika albamu yetu mpya, ingawa bado haijachapwa. Jalada lina picha yetu sote. Kwenye picha wote tumeinama, na mahali pa sura zetu pana unga. Napangusa, napangusa, chini ya unga kuna unga mwingine. Nampa hivyo hivyo. Anaisukuma nayo kwa ncha za vidole, kwa upole, kama mtu anayekataa chai ya nyumba maskini.

"Lete," anasema tena.

Na hapo nikasikia nyiii.

Mwili wangu ukatii. Nikainamisha kichwa, nikaingia, lakini besi haikutoa kitu, nyuzi zake zilikuwa uzi wa kushonea. Nyiii, tena. Nasubiri dum. Dum haiji. Nyiii, nyiii, na sasa naona si pedali, ni gurudumu la kitanda cha hospitali, na ninayekisukuma ni mimi, kwenye ule ujia mrefu wenye rangi ya kijani hadi kiunoni. Mkude amelala juu yake amefunikwa hadi kidevuni. Nesi anatoka mlangoni, amekasirika.

"Wewe baba, unaniamshia wagonjwa!"

"Si mimi, sista, ni gurudumu."

"Sasa si ulitie mafuta?"

Nikataka kumweleza kwamba hapana, huu ni mlio wetu, tunaingilia hapa, lakini alikuwa ameshafunga mlango. Tino anatembea kando ya kitanda, kichwa kimeinama, anatikisa kichwa kwa kila kilio cha gurudumu, macho yamefumba, kama anasikia wimbo mzuri. Namwambia, Tino, dum haiji. Hasikii. Nasukuma haraka zaidi ili dum ije, na kadiri ninavyosukuma ndivyo kilio kinavyorefuka, na najua kabisa kwamba kikikatika bila dum kuja, kitu kitakuwa kimekwisha ambacho siwezi kukirudisha.

Mlango wa mwisho wa ujia ukafunguka wenyewe, na nje ni makaburini, kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Watu wengi wamesimama kulizunguka kaburi la Mkude, wamevaa spika za masikioni kama za studio. Jeneza liko tayari, linashushwa. Wanaponiona wanasogea kunipisha, na nikajua wananisubiria nini.

Hapa nieleze kidogo. Mimi ni Mnyamwezi, Mkude alikuwa Mluguru, na makabila yetu ni watani. Mtani wako akifa, kazi yako msibani si kulia. Walie wenyewe. Wewe unamwigiza marehemu, unamsema, unalizuia jeneza lisipite, unawachekesha wafiwa mpaka wapate nguvu ya kushika jembe. Siku alipozikwa kweli, mimi sikuweza. Nilisimama, watu wakanisubiri kidogo, kisha wakaendelea kwa heshima.

Ndotoni nafungua mdomo nimseme, na mdomo umejaa unga.

Ndipo nikamwona Rehema. Amekaa chini ukingoni mwa kaburi, na mguu wake wa kulia umefungwa kwenye pedali ya Mkude, na pedali ina mnyororo, na mnyororo unaingia ndani ya jeneza. Jeneza likishuka kidogo, naye anaburutwa kidogo. Hapigi kelele. Visigino vyake vinachora udongo. Hakuna anayemwona, kwa sababu wote wameinamisha vichwa, wanasubiri mlio.

"Kaka Maganga," anasema, kwa sauti ile ile ya jana, "hebu tazama."

Nami nataka kutazama. Naapa nataka. Lakini shingo haikubali. Kichwa changu nacho kimeinama pamoja na vya wengine, namwona kwa pembe ya jicho tu, naona kiatu chake, naona udongo unavyomeguka chini yake, na nasikia nyiii inaanza kule ndani ya jeneza, ndefu, taratibu.

"Wanamzika nani?"

Ni Mkude. Amesimama pembeni yangu katikati ya waombolezaji, na fulana yake ya kijani, anamenya muwa kwa meno.

Sasa utamwambiaje mtu? Niliona haya kuliko nilivyoogopa. Nikasema kwa sauti ndogo, "Wewe."

Akatafuna, akatema.

"Mbona umenuna kama unazikwa wewe?"

Akamenya kipande kingine.

"Mnyamwezi gani wewe, Maganga? Nimelala humo nasubiri unitukane. Nikasikia kwikwi. Ndipo nikajua nimekufa kweli."

Nikataka kucheka, ikatoka kama kikohozi, na unga ukatoka nao. Akaninyooshea kile kiganja tena, kimelowa maji ya muwa.

"Lete."

"Nini, Mkude? Nimekupa kila kitu."

"Mafuta."

Alilisema neno hilo kama mtu aliyechoka kurudia. Kisha akasogea karibu na sikio langu, kama vile alivyokuwa akininong'oneza jukwaani katikati ya nyimbo, na harufu yake ilikuwa ile ile, jasho na sabuni ya mche.

"Mlio ule nilikuwa nauonea haya. Unadhani nilikuwa nakanyaga kwa nguvu vile kwa nini?"

Miaka yote tulijisifu kwamba hakuna mpiga dramu mwenye mguu kama wa Mkude.

Akashuka mpaka ukingoni. Watu wote bado wameinama. Akapiga magoti kwenye udongo mbele ya Rehema, akaanza kuifungua pedali mguuni mwake, bila haraka, kama unavyomfungua mbuzi ambaye mgeni wake ameahirisha safari. Akausugua ule uvimbe kwa kidole gumba.

"Huyu ana mguu wake," akasema. Hakumwambia yeye, aliniambia mimi.

Mnyororo ukalegea. Jeneza likafika chini, na lilipofika likatoa sauti ambayo nilikuwa nimeisubiri tangu stoo, dum, moja, ya chini kabisa, nikaisikia kwenye magoti.

Akanipa pedali. Nikamkumbuka bibi, nikasita, kisha nikaona si chakula wala si mkono, nikaipokea. Ilikuwa nyepesi. Hilo lilinishangaza.

"Sasa tutaanzaje?" nikamuuliza. Ni swali la kijinga kumuuliza mtu aliye kaburini kwake, lakini ndilo nililokuwa nalo. "Mkude, bila mlio wako tutaanzaje?"

Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza katika ndoto yote. Hakuwa na nuru wala nini. Alikuwa hajanyoa.

"Inua kichwa. Mtazame."

Nikainua. Kilikuwa kizito kama gunia, shingo ikawaka, lakini nikainua. Na Rehema yuko kwenye dramu, ng'ambo ya kaburi, au ni stoo, unga umeshafagiliwa, na mashine ya kusaga inanguruma ukutani. Vijiti viko juu. Ananitazama. Anapandisha nyusi kidogo, anavuta pumzi, mabega yanapanda, na kabla vijiti havijashuka nikaamka.

Mwanga ulikuwa dirishani. Besi imenitelezea kwapani, uzi mnene umenichora mkononi.

Sasa haki inanilazimu kuandika na haya. Nilipotoka, mke wangu, Mama Neema, alikuwa tayari sebuleni kwenye cherehani yake, anamalizia sare za shule za watu.

"Cherehani ilikuwa inalia?" nikamuuliza kabla hata ya kumwamkia.

"Tangu alfajiri. Nimeshaitia mafuta. Kwani imekuamsha?"

Kwa hiyo huenda ni hiyo tu. Huenda kilio cha cherehani kiliniingia usingizini, na mengine yote ni maharage ya jana na woga wangu. Nimelifikiria hilo. Nimefikiria pia kwamba mtu anayetaka kukwepa lawama anaweza kumwota marehemu akimwambia anachotaka kusikia, na kwamba kama Mkude angemjia Tino, huenda angemwambia mengine. Siwezi kuapa mbele ya mtu kwamba aliyekuja ni yeye.

Nilimsimulia Mama Neema yote, na pale pa Rehema kuburutwa aliacha kukanyaga cherehani. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Mimi ndoto sizijui, Baba Neema. Ninachojua cherehani ikilia naitia mafuta. Siitungii albamu."

Nikakaa. Na hapo ndipo nilipojaribu kitu kimoja. Nilijaribu kuukumbuka uso wa Rehema anapoanza wimbo. Tumefanya naye mazoezi muda wote huu, tumerekodi albamu karibu nzima, na sikuupata. Najua viatu vyake, vile vyeusi vya mkanda. Najua mkeka ulio chini ya dramu. Uso sina. Nikajua kwamba hilo halikutoka kwenye ndoto, lilikuwepo nikiwa macho.

"Nipe hicho kichupa cha mafuta," nikamwambia mke wangu.

"Unakwenda kuipaka pedali?"

"Naifungua kwenye ngoma, naipaka, namrudishia mjane wake. Rehema atapiga na ya kwake. Tino ataninunia."

"Atanuna wiki, atakuja kula hapa."

"Wimbo wa Mkude tutauanza tukitazamana."

Akanipa kichupa. Kilikuwa na mafuta ya kufunika kitako tu. Nikakishika mkononi, nikasimama pale katikati ya sebule, na maneno yakanitoka yenyewe, kwa sauti kubwa, bila unga wala nini. "Mluguru wewe, umekufa na bado unaomba vya bure! Mguu wenyewe ulikuwa unalia kuliko mjane wako!"

Mama Neema alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, kisha macho yakanilowa, kisha nikacheka tena. Nadhani ndivyo ilivyotakiwa kuwa siku ile ya mazishi.

Nilipotulia nikainua kichwa, nikamtazama. Nilimtazama tu usoni, nikisubiri.

"Nini tena?" akaniuliza. "Unanitazamia nini?"

"Nafanya mazoezi," nikamjibu.